Majike Wawili Langoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, na ukiongeza wa miguu minne wanakuwa watano. Wale wawili hawanipi taabu. Hawa watatu ndio wamenifanya niogope kufungua lango la nyumba yangu mwenyewe.

Mkubwa ni Tomi, dume la miaka 10, mpole tangu utoto. Anayemfuata ni Duma, jike la miaka 5, ndiye mlinzi hasa. Mdogo ni Kito, jike pia, tuliyemchukua akiwa na miezi 3 na sasa ana mwaka mmoja na nusu. Duma alimpokea vizuri mno. Alimwachia amtafune masikio, amlalie mgongoni, ampokonye hata mfupa. Tukasema bahati iliyoje.

Miezi miwili iliyopita mambo yaligeuka. Nilirudi kazini jioni, mifuko mikono yote miwili, mbwa wote watatu wakanijia mbio langoni kama kawaida yao. Nikasikia Duma ananguruma. Kugeuka, Kito keshamvaa. Niliwatenganisha kwa makelele. Ukihesabu na siku hiyo, wameshapigana mara 4. Tatu ni palepale langoni, mimi nikiingia. Moja ilikuwa mlango wa jikoni, binti yangu alipoangusha kipande cha mkate. Mara ya mwisho, juma lililopita, Duma alichanika sikio hadi likashonwa, nami niliyetia mkono katikati nilipata vitundu viwili kiganjani, vimeshakauka.

Kinachonishangaza ni kwamba nisipokuwepo wanalala kivuli kimoja, kila mmoja na upande wake, hakuna neno. Mke wangu ni shahidi. Yaani ugomvi unanisubiri mimi.

Mke wangu huyohuyo ananikumbusha kila siku kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Shemeji yangu ana lake. Anasema mbwa ni kundi, na kundi lazima liwe na kiongozi, kwa hiyo niwaache wapigane mpaka mshindi ajulikane, na mimi mwenyewe nimwangushe Kito chali nimkandamize mpaka asalimu amri, ajue bosi wa nyumba ni nani. Nilijaribu mara moja. Alijikojolea. Tangu hapo nikiinama karibu naye anarudi nyuma.

Mafunzo nayo yamenishinda. Duma anajua kukaa, kulala na kuja akiitwa. Kito nimemfundisha hayohayo, na tukiwa wawili tu anayaweza. Wakiwa pamoja sina mbwa hata mmoja. Nikisema "kaa", huyu anakaa, yule anamrukia. Nikishika kitu mkononi wanakanyagana. Matembezini wananivuta kama mkokoteni. Tomi pekee ndiye hana neno. Siku hizi hata chakula anakila polepole kwa upande mmoja wa mdomo, kingine anakidondosha, Kito anamalizia, naye anajiondokea zake nyuma ya nyumba.

Je, nimtoe Kito? Watoto watalia, na sitawalaumu.

Mwamuzi Asiye na Filimbi

*

Marahaba, Mwamuzi.

Nianze na kiganja chako, ambacho umekipitia kwa nusu sentensi. Hili nilikuandikia siku ileile barua yako iliponifikia, ila nalirudia kwa ajili ya wengine wanaosoma. Jeraha la jino la mbwa ni danganyifu: juu ni tundu dogo, ndani ni shimo refu lenye vijidudu, nalo huziba juu kabla ya kupona chini. Mtu aking'atwa na mbwa, hata awe wake mwenyewe aliyemlea, aoshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha siku hiyohiyo aende akaonwe kwa ajili ya pepopunda na kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kabla ya dalili, chanjo humwokoa mtu. Hukuniambia kama mbwa wako wamechanjwa, na mtu mwenye mbwa watatu wanaopigana anapaswa kulijua jibu hilo usingizini.

La pili ni la daktari vilevile, safari hii wa mifugo. Najua mlikwenda kushona sikio. Je, mlimwambia kwamba majike hawa walikuwa marafiki na sasa wanapigana? Ni ziara mbili tofauti hizo. Mbwa mwenye maumivu huwa na hasira za karibu kama sisi. Sikio lenye usaha, mgongo, nyonga, jino bovu; Duma anaweza kuwa anaumia mahali, na kila Kito anapompamia kwa furaha anamtonesha. Huwezi kujenga mafunzo yoyote juu ya maumivu. Wapeleke wote wakaguliwe mwili mzima ndipo uanze haya ninayokuandikia.

Sasa shemeji. Nimwonee huruma kidogo, maana maneno hayo hakuyatunga yeye. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu, wale ambao Kiingereza huwaita wolf, waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliwaona wakigombania vyeo, na fikra ya mkubwa anayetawala kundi kwa mabavu ikapata nguvu hapo. Mmarekani L. David Mech akaieneza zaidi kwa kitabu chake cha 1970. Kisha Mech huyohuyo akatumia majira mengi ya kiangazi akiwa karibu na mbwa mwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao, na wazazi wanaongoza kama wazazi wanavyoongoza. Mwaka 1999 aliliandika hilo waziwazi, tena akawa anamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake mwenyewe. Mimi mtu akijisahihisha hadharani namna hiyo humwamini mara mbili.

Lakini kuna jambo moja la Basel ambalo shemeji angelitazama lingemsaidia. Wale mbwa mwitu walikuwa wamefungiwa. Mnyama aliyezidiwa hakuwa na pa kwenda, na ugomvi ambao porini ungeisha kwa mmoja kujiondoa, pale uliendelea. Shika hilo la kukosa pa kwenda, maana nitalirudia nikifika langoni kwako.

Kuwaachia wapigane mpaka mshindi ajulikane ni kuwapa mazoezi ya kupigana. Aliyeshindwa leo hajifunzi heshima, anajifunza kuwahi kuuma kesho. Na majike wawili wakishafikia damu husahau taratibu kuliko mnavyodhani ninyi wanaume. Kuhusu kumkandamiza Kito: kile kijikojo hakikuwa kusalimu amri, kilikuwa hofu tupu. Alichojifunza ni kwamba mikono yako hugeuka bila taarifa. Usirudie. Tena usimwendee kuomba radhi kwa kumkumbatia. Kaa chini, umpe ubavu, usimtazame usoni, weka kipande cha nyama karibu na goti lako na uangalie mambo mengine. Aje kwa miguu yake. Siku tatu, siku kumi, atakuja.

Na mkeo ana haki nusu. Methali inasema fahali, ila kwa mbwa wa nyumba moja afadhali ingesema mitamba. Madaktari wanaoshughulikia tabia za mbwa hukutana sana na kisa kama chako: wawili wa jinsia moja, mara nyingi majike, na mara nyingi mchokozi ni mdogo au aliyekuja mwisho. Kinachowasha moto nacho hujirudia: chakula, kitu kilichookotwa, msisimko wa mlangoni, na mwenye mbwa kumshughulikia mmoja mbele ya mwenzake. Hesabu mwenyewe ni vingapi vimo katika barua yako.

Umri wa Kito nao unaeleza kwa nini sasa na si mwaka jana. Mtoto wa mbwa ana ruhusa yake. Anaweza kuwapanda wakubwa kichwani wakavumilia. Ruhusa ile humwishia bila kuambiwa. Kati ya mwaka mmoja na mitatu mbwa huingia utu uzima wa tabia, na yale aliyokuwa akisamehewa yanaanza kulipiwa. Duma alimwacha ampokonye mfupa mwaka mzima. Ninyi mkaona mapenzi. Huenda yalikuwa mapenzi, lakini pia Kito alikuwa akifundishwa kwamba cha Duma ni chake.

Twende langoni. Jioni unaingia, mikono imejaa, lango ni jembamba, mbwa watatu wamechemka, na kile wanachokitaka wote, yaani wewe, kimesimama katikati. Hapo ndipo Basel yako ilipo. Duma akitaka kumkwepa Kito apite wapi? Nyuma yake ukuta, mbele yake miguu yako, ubavuni Tomi. Kivulini mchana kila mmoja ana mita zake na hakuna kinachogombaniwa, ndiyo maana mkeo haoni kitu. Usijilaumu kwamba ugomvi unakusubiri wewe. Unasubiri dakika ile moja, na dakika ni kitu unachoweza kukipanga upya.

Mngurumo wa Duma uliousikia haukuwa mwanzo. Kabla yake alisema mengi kimyakimya: mwili ulikakamaa, mdomo uliokuwa wazi ukafumba ghafla, akalamba pua, akageuza kichwa huku jicho limebaki kwa mwenzake na weupe wake unaonekana, mkia ukapanda ukasimama kama fimbo. Mkeo akae dirishani siku mbili tatu awatazame, atayaona. Na wakinguruma msiwakemee kwa hilo. Mbwa aliyekatazwa kunguruma haachi kukasirika, anaacha kutoa taarifa tu. Mwenye mbwa anakuja kukuambia "aliuma bila onyo" kumbe onyo alilizima mwenyewe miezi sita nyuma.

Kazi yenyewe ni hii. Kwa majuma matatu Duma na Kito wasikutane huru hata mara moja. Mlango, wavu kama ule wa kuzuia watoto wadogo ngazini, kamba, vyumba viwili, zamu za uani. Tumia ulicho nacho. Waonane na wanusane kupitia wavu kama wametulia, wakikazana macho weka shuka juu ya wavu. Hata mkiwa hampo wawe mbalimbali, licha ya ushahidi wa kivuli. Juma lililopita alichanika sikio. Sitaki kusikia la jicho.

Langoni pasiwe tena mahali pa kukupokea. Dakika chache kabla hujafika, mtu wa nyumbani amwingize Kito ndani na Duma upande mwingine. Wewe ingia, weka mifuko, nawa, kunywa maji. Salamu zije baadaye, mmoja mmoja, fupi, bila kelele za "oo mwanangu jamani". Unaanza na nani? Watu watakuambia uanze na mkubwa ili kulinda cheo. Mimi nasema anza na aliyetulia. Kesho mwingine akitulia, anza naye. Wataelewa haraka kuliko shemeji.

Jikoni, mtu akipika au akila, hakuna mbwa mlangoni. Na watoto wako wawili wajue mambo matatu bila kubishana: hawatembei na chakula mkononi mbele ya mbwa, hawaokoti kitu kilichoanguka mbele ya mbwa, na wakiona mbwa wamekakamaa wanaondoka bila kukimbia na kumwita mtu mzima. Hawaamui. Hata wewe huamui kwa mkono.

Chakula kila mbwa chumba chake, mlango umefungwa, dakika 15, kisha bakuli zote zinaondolewa, hata ambayo haijaisha. Mifupa na vitu vya kutafuna hivyohivyo. Hapa sina maelezo marefu, ni kufanya tu.

Sasa mafunzo, ambapo nataka tukae kidogo. Unasema wakiwa pamoja huna mbwa hata mmoja. Ni kwa sababu bado hujawafundisha wakiwa pamoja, umewafundisha wakiwa mbalimbali ukatumaini yatajiunga yenyewe. Mtoto analijua jedwali la kuzidisha akiwa na mama yake jikoni, akiitwa ubaoni mbele ya darasa jedwali linampotea. Mbwa ni hivyo mara kumi. Kwake "kaa" ya sebuleni na "kaa" ya uani mwenzake akihema ubavuni ni maneno mawili tofauti, na la pili hajafundishwa.

Kila mmoja apate dakika 5 zake asubuhi na 5 jioni, peke yake na wewe, mwenzake hayupo hata kwa harufu ya mlangoni. Zawadi iwe ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho na imfikie ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo. Ukichelewa ukichakura mfukoni, umemlipa kwa jambo jingine, pengine kwa kukurukia. Funga kifuko kiunoni. Nilifuga mbwa miaka mingi nikitumia mfuko wa suruali na kushangaa kwa nini mbwa wangu wote walikuwa hodari sana wa kunitazama mfuko.

Kitu kimoja kipya uwafundishe wote, hata Tomi: mkeka. Kila mmoja na wake. Akiweka miguu yote minne juu yake, analipwa. Akilala juu yake, analipwa tena. Unaongeza sekunde, kisha hatua zako za kuondoka, kisha unafungua mlango, kisha unarudi na mfuko mkononi. Fundisha na neno la kumwachia, "haya" au lolote, ili ajue kazi imekwisha lini. Bila neno hilo kila mbwa anajiamulia mwenyewe. Juma la pili au la tatu mkeka unakuwa mahali anapopapenda, na hapo una silaha ambayo hukuwahi kuwa nayo, kwa sababu mbwa aliyelala mkekani hawezi wakati huohuo kuwa langoni.

Ndipo unawaleta wawili. Anza na Tomi na Kito, au Tomi na Duma. Majike wenyewe wasubiri. Mmoja yuko mkekani, kamba yake imefungwa mahali imara, mwingine hatua tatu mbali nawe. Mwambie anayefanya kazi: jina kwanza, amri baadaye. "Kito, kaa." Jina likitangulia, asiyeitwa anajua hayamhusu. Kito akakaa, mpe kipande kimoja. Kisha, na hapa ndipo watu wengi hukosea, geuka umlipe anayesubiri vipande viwili. Kazi yake ndiyo ngumu. Kukaa ni kitu gani? Kumtazama mwenzako anakula ukabaki umelala, hiyo ndiyo kazi. Watu humlipa anayecheza ngoma wakamsahau aliyetulia, halafu wanashangaa nyumba nzima imejaa wacheza ngoma. Ukifanya hivi kwa siku nyingi, Duma ataanza kuona kwamba Kito akipewa kitu, kwake kinakuja kikubwa zaidi. Chuki ya langoni ikiondoka, itaondokea hapa.

Chagua pia neno moja la kuwaita wote, "wote!" kwa mfano, tofauti na majina yao. Jina la Kito lisimwite Duma.

Kamba. Huwezi kuwafundisha watatu kutembea kwa pamoja wakati hakuna hata mmoja anayejua kutembea peke yake. Mmoja mmoja kwanza, hata kama ni mzunguko mfupi. Matembezi ya pamoja yana kazi nyingine kabisa, nayo ni kuwapatanisha. Wewe na Duma, mkeo na Kito, mahali pa wazi, mnaelekea upande mmoja, umbali wa mita 15 au zaidi kati yenu. Msiwakutanishe uso kwa uso. Mnatembea tu, wakinusa nyasi, wakikojoa, kila mmoja akimtazama mwenzake kidogo na kuendelea. Siku inayofuata mita 12. Mkiona mwili umekakamaa mmesogea mno, rudini nyuma. Hatimaye mnatembea sambamba, binadamu wawili katikati, mbwa pembeni. Ikichukua mwezi, ichukue.

Siku ya kwanza ya kuwaachia uani pamoja, wavisheni vifuniko vya mdomo vya wavu, vile vyenye nafasi ya kufungua kinywa, kuhema na kunywa maji. Kamba ya kufunga mdomo usiitumie, maana mbwa hujipoza kwa kuhema na akifungwa mdomo anaweza kuzidiwa na joto. Wazoezeni vifuniko hivyo siku nyingi kabla, kwa kuwapa nyama ndani yake, ili visiwe ishara ya shari. Kamba ziburuzike chini, uwe na pa kushika pasipo shingo. Dakika 5, mnaita wote, mnawalipa, mnawatenganisha wakiwa bado wanapatana. Mkisubiri mpaka wachoke kupatana mtakuwa mmechelewa.

Wakishikana hata hivyo, usishike ukanda wa shingo. Ndivyo ulivyong'atwa, na ndivyo nilivyong'atwa mimi. Nina kovu la dole gumba nililolipata kwa kuamini kwamba mbwa wangu ananijua. Katika dakika ile hamjui mtu. Mwaga ndoo ya maji, gonga masufuria, tupa blanketi nzito juu yao, sukuma kiti au ubao katikati. Mkiwa watu wazima wawili, kila mmoja anashika miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, mnainua kwa pamoja na kurudi kinyumenyume, na hamwachii mpaka kuna mlango katikati. Ukiwa peke yako usijaribu hilo. Baadaye wasionane mpaka kesho yake, maana damu ya ugomvi haipoi kwa dakika tano.

Kuna la uzazi, ambalo hukuligusa. Majike wengi hushika joto mara mbili hivi kwa mwaka, na nyakati hizo mvutano hupanda. Kama hujawafunga kizazi, na Tomi hajahasiwa, mzee huyo bado anaweza kukushangaza siku 63 baadaye. Zungumza na daktari. Ila usitarajie upasuaji umalize uhasama uliokwisha kujengeka baina ya majike wawili. Unapunguza joto, haufuti kumbukumbu.

Na wasomaji wengine, mnaoniandikia kila mara mnataka kuchukua watoto wawili wa tumbo moja "ili wasijisikie upweke": nimewahi kufanya hivyo. Nilipata mbwa wawili waliosikilizana wao kwa wao na kunichukulia mimi kama mpishi. Chukueni mmoja, mlee, mfundisheni, mwingine aje mwaka mmoja au miwili baadaye. Mkishawachukua wawili, basi walale mbali, watembezwe mbali, wafundishwe mbali, na kazi ni maradufu.

Umeuliza umtoe Kito. Kwa sasa, hapana. Ugomvi wenu una mahali na una saa, na ugomvi wa aina hiyo hutibika. Nitabadili jibu nikisikia mojawapo ya haya: wanaanza kuviziana nyumba nzima bila sababu, majeraha yanazidi kuwa makubwa, Duma amekonda kwa kujificha, au mmejaribu kweli miezi mitatu na nyumba bado inaishi kwa kufungiana milango na ninyi mmechoka. Hapo kumtafutia Kito nyumba isiyo na jike mwingine ni tendo la huruma, wala usimfiche atakayempokea sababu. Mweleze yote, hata la mkate.

Nimebakiza Tomi, uliyesema hana neno.

Mbwa wa miaka 10 anayetafuna kwa upande mmoja, anayedondosha chakula na kukiacha, ana neno kubwa sana mdomoni. Karibu nina hakika ni meno au ufizi, na kwa umri wake pengine amevumilia kwa miezi. Mbwa hawalii kwa jino, wanakula polepole tu. Halafu tazama kilichotokea kila siku pale kwenye bakuli lake: Kito anasogea, Tomi anaondoka, Kito anakula. Kwa miezi yote hiyo mdogo wako amefundishwa na mzee asiyeweza kutafuna kwamba ukimsogelea mwenzako vya kutosha, atakuachia. Akaenda kulijaribu somo hilo kwa Duma, ambaye meno yake ni mazima.

Ukiwapeleka kwa daktari, mwombe aanze na Tomi, na mdomo afunguliwe mpaka nyuma kabisa. Kisha niandikie alichokuta.